Uyoga wa Bustani ya Halmashauri

Yaya yangu alifia nyumbani kwetu Granville, mwishoni mwa majira ya baridi, mwaka wa pili wa korona, wakati sisi wa magharibi ya Sydney tulikuwa tumefungiwa ndani. Kwetu Kivu yaya ni ndugu mkubwa, awe wa kike au wa kiume. Mimi nilikuwa na mmoja tu, dada, na kwa hiyo hakuhitaji jina jingine. Wazazi wetu walipotutoka nilikuwa bado sijaanza kung'oka meno. Yeye ndiye aliyenibeba, akanilisha, akanichapa nilipostahili na mara nyingine niliposingiziwa, akanifikisha kambi ya wakimbizi na miaka mingi baadaye akanifikisha Australia. Nimesoma hadi darasa la sita. Yeye hakusoma kabisa, na kanisani alikuwa ananitambulisha kwa wageni kama msomi wa familia, bila kutabasamu.

Nikimkumbuka mara nyingi nanyamaza tu. Lakini kuna habari moja ya mwaka ule, ya uyoga, ambayo naweza kuisimulia huku nikicheka kidogo.

Nianzie nyumbani. Kule milimani, mvua za kwanza zikinyesha, watu huenda kutafuta uyoga kwenye vichuguu na chini ya miti iliyooza. Na tulikuwa na desturi yetu: aliyechuma ndiye anayekula kwanza, peke yake, na wengine wote wanangoja mpaka asubuhi. Haikuwa heshima. Ilikuwa njia ya kumfanya mtu aangalie vizuri anachokiokota, kwa sababu anajua kinywa cha kwanza ni chake. Baada ya wazazi kuondoka, mchumaji alikuwa yaya, na hakukubali nichume hata mmoja. Jioni alikuwa anakula fungu lake mbele yangu, polepole, mimi nikimeza mate, kisha anafunika sufuria na kuweka jiwe juu. Asubuhi niliamka kabla yake. Nilikuwa natambaa mpaka kwenye mkeka wake na kumgusa mguu. Mguu ulikuwa na joto, naye alikuwa anasema bila kufungua macho, "Niko. Kula." Basi nikakimbilia sufuria. Sikumbuki kama nilifurahi kwamba yu hai. Nilifurahia uyoga.

Sasa nije Granville. Saratani ya ini ilikuwa imeonekana mwanzoni mwa mwaka. Hospitali walijaribu walichoweza, kisha wakatuambia kwa upole kwamba kazi iliyobaki ni kumpunguzia maumivu. Yaya akasema kama ni hivyo, arudi kwenye kitanda chake. Tukamweka sebuleni, karibu na dirisha, ili aone watu wa mtaani, ingawa miezi ile hakukuwa na watu wa kuona. Wakati mwingine helikopta ya polisi ilipita ikizunguka kuangalia nani ametoka, naye alikuwa anaitazama mpaka ipotee. Helikopta hakuzipenda tangu zamani.

Nyumbani tulikuwa watatu: yeye, mimi, na binti yake, mpwa wangu, ambaye alikuwa anasoma chuo akiwa chumbani mwake mbele ya kompyuta. Msichana yule anasikia Kiswahili chote, hata matusi, lakini anajibu kwa Kiingereza. Kwa hiyo maneno yake hapa nimeyaleta kwa lugha yetu mimi mwenyewe.

Mtu wa nne alikuwa nesi. Alikuwa Mkenya, mama wa makamo, anakuja amevaa barakoa, kioo cha uso na aproni ya plastiki, na bado alijaza nyumba kwa sauti yake. Siku ya kwanza alinisikia nikiita yaya, yaya, akashangaa.

"Kaka, kwani huyu ni yaya wako? Kwetu yaya ni yule wa kulea watoto."

"Nimelea huyu," yaya akasema kitandani. "Bado sijamaliza."

Kuanzia hapo walielewana.

Nesi aliweza kuyatuliza maumivu. Kulikuwa na pampu ndogo iliyompa morfini, na uso wake ukalegea. Kilichobaki ni hofu, nayo haikusikia morfini. Yaya, aliyewahi kutupitisha msituni akiimba kwa sauti ya chini ili nisilie, sasa alikuwa anashika ukingo wa kitanda kama mtu aliye juu ya mti. Hakula. Hakutaka tusome Biblia. Mchungaji alipopiga simu ya video alifunga macho mpaka mchungaji akachoka. Nikimuuliza anaogopa nini, alikuwa anasema, "Sijui. Niache." Daktari aliongeza vidonge vya kutuliza moyo, vikamlaza tu, na akiamka hofu ilikuwa imekaa palepale ikimngoja. Mimi nilikuwa nimekubali kwamba atakufa. Ambacho sikukikubali ni kwamba afe hivyo, ameshika ukingo.

Ndipo mpwa wangu akatoka chumbani siku moja na simu mkononi. Alikuwa amesoma kwamba kuna uyoga ambao una dawa inayoitwa psilosaibini. Madaktari wa nchi kadhaa walikuwa wanawapa wagonjwa wanaokaribia kufa, katika utafiti, na baadhi yao hofu ilipungua. Akasema pia kwamba hapa kwetu, jimbo la New South Wales, daktari haruhusiwi kumwandikia mgonjwa.

Tulidhani yaya amelala. Alifungua macho.

"Uyoga?" akasema. "Sasa muko munangoja nini? Huyu anajua uyoga."

Huyu ni mimi.

"Yaya, hapa si kwetu."

"Udongo ni udongo. Mvua imenyesha wiki nzima, minaisikia. Enda."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa siku nyingi kuniomba kitu. Kama angeniomba theluji ningekwenda kuitafuta.

Nataka kusema ukweli jinsi nilivyofikiri. Bangi nilijua imekatazwa. Unga nilijua umekatazwa. Kazini kwetu, kwenye ghala upande wa Auburn ambako naendesha forklifti, wakati wowote wanaweza kukuita wakupime mate kuona kama umetumia dawa za kulevya, na sijawahi kuogopa kuitwa. Lakini uyoga? Uyoga hauuzwi na mtu kwenye kona. Mungu ananyesha mvua, unaota. Niliposikia kwamba daktari haruhusiwi kuuandika, nilielewa kwamba daktari haruhusiwi kuandika. Sikuelewa kwamba mimi siruhusiwi kuinama.

Tulikuwa tumeruhusiwa kutoka kidogo kwa mazoezi, karibu na nyumbani. Nikavaa barakoa na koti la kazini lenye mistari inayong'aa, nikafuata njia ya kando ya mto mdogo unaotenganisha Granville na Auburn. Katika bustani ya halmashauri, ambapo hutandazwa vipande vya mbao chini ya miti michanga, nikaona uyoga. Ulikuwa mdogo, wa kahawia, mwingi, umejipanga kama watoto wa shule. Moyo wangu uliruka. Nilipiga magoti peupe, mchana, na koti langu linalong'aa, nikachuma kwa namna niliyofundishwa, bila kuharibu udongo. Polisi wawili walipita kwa baiskeli. Mmoja alininyooshea kidole, nikashtuka, kumbe barakoa yangu ilikuwa imeshuka chini ya pua. Nikaipandisha. Akanishukuru, wakaenda.

Nilifika nyumbani na mfuko wa mkate umejaa, nikakuta nesi anabadilisha dawa kwenye pampu. Sikuwaza kuuficha. Niliuweka mezani mbele yake kama mtu aliyeleta samaki.

"Kaka, hiyo ni nini?"

"Uyoga wa yaya. Ule wa kuondoa hofu."

Nesi alisimamisha mikono. Alitazama mfuko, akanitazama mimi, akautazama mfuko tena.

"Umetoa wapi?"

"Bustani ya halmashauri. Kule mtoni."

"Woi." Akaketi, na aproni yake ikapiga kelele. "Kaka, sikiza. Hapo kwa meza una kesi, ama una sumu, ama una mboga. Na hujui ni gani."

"Kesi ya nini? Umeota wenyewe."

"Ukiota huko ni wa halmashauri. Ukiuchuma ni wako. Na kama ni ule, basi ni dawa ya kulevya imekatazwa hapa New South Wales. Kuwa nayo ni makosa. Kuitumia ni makosa. Kumpa mgonjwa ni makosa mabaya zaidi. Hata kama anakufa. Hata kama ni dadako."

"Polisi wameniona nikichuma. Wamesema barakoa tu."

Kutoka kitandani ikatoka sauti ambayo sikuitambua mara moja. Yaya alikuwa anacheka. Kicheko kilimuumiza, akashika ubavu, akaendelea kucheka.

"Mutoto wa mama yangu," akasema, "umefika Ulaya ya watu, unaiba uyoga wa serikali mbele ya serikali!"

Mpwa wangu akatoka chumbani kuona kuna nini. Nesi alikuwa anafuta macho chini ya kioo cha uso. Hata mimi nikacheka, ingawa ombi langu la uraia lilikuwa bado halijajibiwa, na nilikuwa nimeona kwa majirani jinsi kesi ndogo inavyoweza kurefusha mambo.

Nesi akasema hawezi kuuacha mjadala hapo, akampigia daktari wa timu yao na kuweka simu kwenye spika. Daktari alikuwa mzee, Mwaustralia, anaongea taratibu, na mpwa wangu alitutafsiria pale nilipokwama. Hakunigombeza. Alisema nesi ameeleza sawasawa: katika jimbo hili psilosaibini iko kwenye orodha ya dawa zilizokatazwa, na uyoga wenye dawa hiyo unahesabika vilevile, uwe umepandwa au umejiotea. Ugonjwa haufungui mlango. Njia pekee ni utafiti ulioruhusiwa, na aliousikia yeye ulikuwa jimbo jingine, mipaka imefungwa, na yaya hana nguvu za safari wala za masharti yake. Kuna watu walioiomba serikali ya shirikisho ilegeze kamba kwa madaktari, akasema, lakini mpaka leo jibu ni hapana. Yeye mwenyewe angependa kuwa na jambo jingine la kutuambia.

Kisha akauliza ningejuaje kwamba uyoga niliochuma ndio wenyewe.

Nikamweleza desturi yetu. Mchumaji anakula kwanza, wengine wanangoja asubuhi.

Daktari akasema kwamba kuna uyoga katika nchi hii, unaofanana na mwingine kabisa, ambao haufuati desturi hiyo. Ukiula, unaweza kuamka asubuhi ukiwa mzima. Unaweza hata kuumwa tumbo, ukapona, ukafurahi. Wakati huo ini lako linakufa, na siku chache baadaye unalifuata.

Hakuna aliyecheka tena. Nesi alimshukuru, akakata simu. Akaniambia nifunge mfuko vizuri, nitupe kwenye pipa, ninawe mikono kwa sabuni, na nisimwonyeshe tena nesi yeyote kitu kama hicho, kwa sababu si wote wanatoka Kenya. Nikamuuliza pipa lipi, lenye kifuniko chekundu au cha kijani. Mpwa wangu akasema cha kijani ni cha majani. Nesi akasema chekundu, cha taka za kawaida. Wakabishana mlangoni, mpaka nesi akasema, "Nyinyi watu mtanifukuzisha kazi, wekeni chekundu," akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Niliporudi kutoka kwenye pipa yaya alikuwa ananitazama.

"Nani angeonja?" akauliza.

Nilijifanya sijasikia, nikapanga vikombe.

"Minauliza. Nani angekula kwanza?"

"Aliyechuma," nikasema.

"Weye."

"Mimi."

"Na kazi? Na ile kupima mate?"

"Ningekula, yaya."

Alifumba macho. Nilifikiri amekasirika, na kweli alikuwa amekasirika. Baadaye nikaona machozi yanashuka kuelekea masikioni, kama yanavyofanya kwa mtu aliyelala chali.

"Nimebeba weye kutoka kule mpaka hapa," akasema, "ili ukufe ini, weye na mimi, nyumba moja? Nani atabaki na mutoto? Haiko mzaha. Sitaki tena uyoga yenu."

Nikavuta kiti. Naye, labda kwa sababu hasira ilikuwa imemtoa kidogo mahali alipokuwa, akaanza kuniambia mwenyewe. Alisema hofu yake si ya Mungu. Yeye na Mungu walishaongea. Anachoogopa ni kwenda mahali asikokujua, peke yake. Kila alikokwenda maishani alikwenda na mtu mgongoni au mkononi: mimi, halafu binti yake. Hakuwahi kuvuka mpaka wowote mikono mitupu. Na sasa hata mazishi ni watu kumi, hakuna kuimba, hakuna kulala kwenye matanga. Nani atamsindikiza?

Sikumwambia asiogope. Nilimwambia kwamba na mimi naogopa. Tukakaa hivyo, tumeshikana, mpaka chai ikapoa. Nikaona kwamba mkono wake umeacha ukingo wa kitanda, kwa sababu ulikuwa umeshika wangu.

Kesho yake nikaenda dukani Merrylands, nikanunua uyoga mweupe wa kwenye kisanduku, ule usio na hatia yoyote. Nikaupika kwa mawese, kitunguu na karanga za kusaga, kama yeye alivyokuwa anapika. Nikaleta sahani mbili. Alinusa kwanza, halafu akakunja uso.

"Huu umetoka wapi?"

"Dukani. Nina risiti."

"Nani amechuma?"

"Sijui, yaya. Mashine, labda."

"Basi mashine ionje."

Nikala kijiko kimoja mbele yake, polepole, kama alivyokuwa ananifanyia mimi. Alinitazama nikitafuna. Mpwa wangu alisimama na simu akitaka kupiga picha. Yaya akamwambia aweke simu chini, watu wanakula. Halafu akafungua kinywa kama mtoto, nami nikamlisha. Vijiko viwili, vitatu. Akasema chumvi ni kidogo. Ilikuwa kweli.

Sisemi kwamba hofu iliisha. Ningekuwa nadanganya. Kulikuwa na siku ilirudi, akashika tena ukingo, na siku hizo nilijiuliza kama ule uyoga mwingine ungemsaidia. Bado najiuliza. Lakini kuanzia pale alikuwa anaiongelea, na hofu inayoongelewa inakaa pembeni kidogo na kuacha nafasi ya mambo mengine. Alimfundisha binti yake kupika sombe, kisamvu cha kwetu, kwa maneno tu, kutoka kitandani, akimtukana kwa upendo. Alimruhusu mchungaji aombe, akamwambia afupishe. Alimuuliza nesi kama ameolewa, na nesi aliposema mume yuko Nakuru, yaya akasema huyo anafaa, wa mbali hagombani.

Jioni moja, kabla hajaacha kuongea, aliniita. Sauti ilikuwa nyembamba.

"Kule minaenda," akasema, "hakuna mwenye alirudi kutuambia kama ni chakula ao ni sumu."

"Hakuna, yaya."

"Basi ni kazi yangu. Mimi ndiyo mukubwa. Minaonja kwanza." Akapumzika. "Nyinyi mungoje. Musinifuate haraka, munasikia? Weye na mutoto. Mungoje."

"Tutangoja."

"Asubuhi ukuje unishike muguu."

Alisema kwa mzaha, ninamjua, kulikuwa na kitu cha kucheka pembeni mwa mdomo wake. Hakuwa ameshika chochote. Mikono ilikuwa juu ya blanketi, imefunguka.

Nilikuja asubuhi. Binti yake alikuwa amelala kwenye kochi pembeni. Niliingiza mkono chini ya blanketi, nikamgusa mguu. Halafu nikaenda kuchemsha maji, kwa sababu sikutaka kumwamsha msichana kabla hajamaliza usingizi wake.

Mazishi yalikuwa ya watu kumi, kama alivyojua. Wengine walitazama kwenye simu iliyoshikwa na mpwa wangu, wa Sydney, wa kambini, wa Bukavu. Nesi alikuja kwa saa yake ya mapumziko, akasimama mbali. Hatukuimba. Tulivumisha tu wimbo ndani ya barakoa, na hakuna aliyetuzuia.

Baadaye, korona ilipoacha kutajwa kila siku, sheria ililegezwa kidogo. Sasa madaktari wa akili walioruhusiwa wanaweza kuitumia dawa ile, kwa sonona ambayo tiba nyingine zimeishindwa, mgonjwa akiwa chini ya uangalizi wao. Mpwa wangu alinisomea. Nikamuuliza, je, yaya angepata? Akasema pengine hapana, yaya hakuwa na sonona, yaya alikuwa anakufa. Na kuuchuma bustanini, nikauliza? Akanitazama kwa macho ya mama yake.

"Bado ni kesi, Anko."

Uraia nilipata. Kila mwaka mvua za baridi zikinyesha, uyoga unaota palepale, kwenye vipande vya mbao vya halmashauri, mdogo, wa kahawia, umejipanga. Napita hapo nikitoka kazini. Nasimama kidogo, mikono mfukoni, nauangalia, kisha nakwenda nyumbani kupika, maana mpwa wangu anachelewa kutoka kazini na hataki kula mpaka nionje.